Njia ya Kutoka Kisimani

Bi Vifungo alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoanza kusoma vitabu vya watoto, na siku za mwanzo alivisoma kwa aibu. Alivifunika kwa gazeti. Maktaba alidai ni vya mjukuu, mjukuu ambaye hakuwepo, maana hata mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni cherehani mbili, wateja wasio na subira, na kaka mmoja.

Kaka ndiye aliyekuwa sababu. Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani, yule bwana anayeingia dukani na mawe yake ya kupimia kwenye kisanduku, mwenye duka akaanza kutokwa na kijasho chembamba. Mtaa mzima ulimwita Mizani. Na alikuwa msemaji! Mdomo wake haukujua likizo. Angeweza kukusimulia safari ya kutoka sebuleni hadi jikoni ukajikuta umekaa kitako kumsikiliza. Kisha asubuhi moja, akiwa ananyoa ndevu, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yote yakampotea.

Akili ilibaki salama. Ukimtania alicheka. Ukimwambia akuletee mkasi alikuletea mkasi, mkubwa ukitaka mkubwa, mdogo ukitaka mdogo. Lakini akifungua mdomo ilitoka "ee" tu, na akishaisikia "ee" ile, uso ulimwiva kwa hasira. Bi Vifungo alimhamishia kwake, akamwekea kiti chenye mikono karibu na meza ya kukatia vitambaa, mahali penye mwanga. Hapo Mizani alishinda akitazama sare za shule zikizaliwa.

"Bi mkubwa, magazeti usimsomee," alisema yule binti wa hospitali, mtaalamu wa kurudisha usemi, aliyekuwa mdogo kiasi cha kuitwa mwanangu lakini alijua kazi yake. "Magazeti hayamgusi. Mtafutie kitu alichokipenda zamani, kabla hata hajaota ndevu. Maneno ya zamani yamekaa ndani sana. Huenda mengine ugonjwa haukuyafikia."

"Na yasiporudi?"

Binti alipanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Miezi sita ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Mitatu tumeshaimaliza. Baada ya hapo yanaweza kurudi, ila kwa shida sana, sikufichi."

Bi Vifungo alitoka pale na miezi mitatu mkononi. Hakuwa na haja ya kufikiri kaka yake alipenda nini. Alipenda Kikosi cha Watatu na Punda.

Usicheke. Kuna watu wamelelewa na vitabu vile kuliko walivyolelewa na wajomba zao. Vilikuwa kumi na tisa, vyembamba, na wahusika walikuwa walewale: Nahodha, msichana wa kuamrisha, Miwani, aliyejua kila kitu na kuogopa kila kitu, Kidole, ambaye ukimwambia usiguse ndiyo umempa kazi, na punda wao aliyeitwa Haraka, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwahi. Nyumbani kwao vilikuwepo sita tu. Mizani, wakati huo kijana wa miaka kumi na miwili, alimsomea mdogo wake wa miaka sita sakafuni, jioni kabla ya chakula. Msimu mmoja wa mvua paa likavuja, vitabu vikaoza vyote, na Bi Vifungo akajifunza kusoma vizuri baada ya hapo. Kwa macho yake mwenyewe hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vile.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo hakupasahau. Kikosi kilitumbukia kisimani, na njia ya kutoka ilipita ndani ya mwamba, kwenye mto unaotiririka kupanda juu, na walisafiri ndani ya sufuria kubwa kama chumba, mali ya mpishi mmoja mwanamke aliyeupikia mlima. Miaka arobaini na sita alitembea na sehemu ile. Aliwahadithia wanafunzi wake wa ushonaji, aliwahadithia wateja waliokuja kabla nguo haijawa tayari. Ungemuuliza ni wapi pazuri kuliko pote alipowahi kufika, angekwambia ni ndani ya mlima ule, na asingekuwa anatania.

Kwa hiyo alikwenda maktaba ya mtaa, akaikuta seti nzima, kamili, kumi na tisa. Sheria ilikuwa vitabu viwili kwa mara moja. Akachukua cha nne, *Kisima cha Mfalme Kiziwi*, na cha tano ili mjukuu aonekane wa kweli.

Alasiri ile alifunga cherehani, akaketi mbele ya kaka yake, akasoma. Mizani alipoliona jalada alikaa wima. Aliposikia jina la punda alicheka hadi akakohoa. Bi Vifungo akapata moyo, akasoma kwa sauti ya kuigiza, akafika chini ya ukurasa wa sitini na nne, wote wanne wananing'inia ndani ya kisima kwenye joto la kiangazi: *Nahodha akatazama juu, nyota ilikuwa moja tu, na kamba ikakatika.*

Aligeuza ukurasa. Mlinzi wa kisima akasikia kishindo. Akaleta kamba nyingine. Akawavuta. Akawapa chai.

"Chai!" alisema Bi Vifungo.

Mizani alikuwa akipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, anatikisa kichwa, "Ee! Ee!", mishipa ya shingo imemsimama. Dada mtu akadhani ameruka ukurasa. Akarudi nyuma, sitini na nne, sitini na tano, hakuna kilichorukwa. Akasoma tena ile chai. Mizani akakisukuma kitabu kikaanguka kati ya mabaki ya vitambaa, akageukia ukuta.

Bi Vifungo hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa kitu kidogo. Alijiambia kumbukumbu imemchanganya, mto na mpishi wako kwenye kitabu kingine, na njia ya kukipata ni kuanza kile cha kwanza na kutoruka hata neno.

Hapo ndipo mambo yalipomharibikia, kwa maana nzuri. Alidhani anasoma kwa ajili ya mgonjwa. Kufikia cha pili alikuwa anamwamsha mgonjwa usingizini ili wajue nani kaiba ramani. Kufikia cha tatu aligundua kwamba Nahodha hakuwa na mama wala baba, kwamba amri zake zote zile zilikuwa woga uliovaa buti, akaweka kitabu magotini akatazama dirishani kwa muda. Alifahamu watu wazima wengi wa namna ile. Aliwashonea nguo. Ilimshangaza kwamba kitabu cha kurasa mia moja na ishirini na nane, chenye picha ya punda, kilikuwa kimeyajua hayo muda wote huo bila yeye.

Kazi ilianza kuyumba. Alishona mfuko wa sare kwa ndani, mwalimu mmoja akairudisha akiwa ameishika kwa vidole viwili. Mkutubi naye, mwanamume mwembamba mwenye miwani ya kamba shingoni, hakuwa mjinga.

"Mjukuu anakwenda mbio," alisema akigonga muhuri.

"Watoto wa siku hizi."

"Mwambie cha saba asikisome akiwa amekaa kituo cha basi. Mimi kilinifanya nipitwe na mabasi mawili. Wiki iliyopita."

Wakatazamana, na tangu siku ile Bi Vifungo akaacha kufunika vitabu kwa gazeti.

Ila maneno hayakurudi. Mizani alisikiliza, alicheka, alishtuka panapostahili, lakini mwezi wa nne ulikwisha na "ee" yake, na wa tano ukaingia. Binti wa hospitali alimpa picha za vikombe na milango ataje majina, akatoka jasho bure. Siku moja aliitupa picha ya kijiko. Bi Vifungo aliiokota, akaenda jikoni, akalia kidogo huku bomba limefunguliwa ili asisikike.

Wakafika cha kumi na moja, *Mlima Unaopumua*. Ilikuwa alasiri ya mvua ndogo. Mizani alikuwa amesinzia kitini. Bi Vifungo aligeuza ukurasa wa sitini na nne, akasoma mstari wa juu wa ukurasa uliofuata: *Walipofungua macho, theluji ilikuwa imewafika magotini, na hakuna aliyethubutu kuuliza wako wapi.*

Mstari ule aliujua. Aliujua kwa ghibu, pamoja na mahali kaka yake alipovuta pumzi. Ndio uliofuata baada ya mto na sufuria. Ndipo walipotokea!

Alirudi nyuma kwa pupa. Kurasa zilizotangulia hazikuwa na kisima wala mpishi. Kikosi kilikuwa kwenye gari la kuteleza, poromoko la theluji likaja, wakafumba macho. Basi. Akasimama, akavaa viatu, akamwacha kaka yake na usingizi wake, akaenda maktaba mbio, kitabu mkononi, na pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani.

"Nipe cha nne," alimwambia Mkutubi.

Aliweka vitabu viwili mezani, bega kwa bega. Kushoto, cha nne, ukurasa wa sitini na nne: kamba ikakatika. Kulia, cha kumi na moja, ukurasa wa sitini na tano: walipofungua macho. Akausoma mstari huu na ule kama mstari mmoja.

"Unatafuta nini, mama?" aliuliza Mkutubi.

"Mama yangu alifanya kazi ya kupanga mikunjo, kiwanda cha vitabu," alisema Bi Vifungo taratibu.

Ikabidi amweleze, maana hata mkutubi hajui kitabu kinavyozaliwa. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Inachapwa karatasi kubwa, inakunjwa mpaka inatoa kurasa kumi na sita, na huo ndio mkunjo. Mikunjo minane inakuwa kitabu. Kiwandani ilirundikwa kwenye meza ndefu, na wanawake walitembea kando ya meza wakichukua mmoja huku, mmoja kule, kwa mpangilio, kutwa nzima. Mama yao hakujua kusoma. Alifuata alama nyeusi iliyochapwa mgongoni mwa kila mkunjo. Siku ambayo meza moja ilibeba vitabu viwili vya ukubwa mmoja, alama zilikuwa zilezile, na mkono uliochoka ungeweza kuchukua mikunjo minne ya kitabu hiki na minne ya kile. Mikunjo minne ni kurasa sitini na nne. Na namba za kurasa zingefuatana bila kasoro.

Kitabu cha namna hiyo kiwandani kilikuwa na jina: kilema. Na desturi yao ilikuwa kilema hurudishwa kwa aliyekipanga, mbele ya wote, mwisho wa zamu, huku wenzake wakipiga makofi. Alikwenda nacho nyumbani. Mama aliwaambia watoto, "Nimepewa zawadi kwa kazi nzuri." Ukweli aliutoa uzeeni, akicheka mwenyewe: vitabu vyote sita vilikuwa vilema.

Bi Vifungo aliposikia siku ile alicheka naye, na hakufikiri zaidi. Angefikiri nini? Hakuwahi kuona mahali palipovunjika. Alisomewa vitabu sita vilivyokatwa katikati na hakuna siku hadithi ilimkatikia.

Sasa alisimama mbele ya meza ya maktaba, akaanza kukagua kama anavyokagua nguo ya fundi mwingine. Huku kushoto ni kiangazi, kule kulia ni theluji. Katika masimulizi ya kaka, mpishi alikuwa amewaonya kwamba mlima ni baridi kichwani kwa sababu haujavaa kofia. Huku kushoto mikono ya Miwani ni mizima, kule kulia mmoja umefungwa kitambaa. Aliuumiza kwenye pete ya chuma ukutani, ndani ya mto. Huku Kidole na Nahodha ni marafiki, kule hawasemeshani. Waligombana ndani ya sufuria, kwa sababu Kidole aliugusa mfuniko. Na kwa nini walifumba macho? Mpishi aliwaambia wafumbe. Mlima ulikuwa karibu kupiga chafya, na una haya ukitazamwa.

Kila kitu. Kaka hakuacha uzi hata mmoja ukining'inia.

"Alikuwa na miaka kumi na miwili," alimwambia Mkutubi, na alijisikia kupiga magoti, ingawa hakujua ampigie nani. "Alisoma mbele kwanza, kwa siri, akaona vitu vyote visivyolingana. Kisha akakaa mbele yangu, macho kwenye karatasi, akageuza ukurasa kama mtu anayesoma. Na haukuwa ukurasa. Ilikuwa hewa."

Yeye aliyeshona miaka thelathini alijua ugumu wa kuunganisha vipande viwili visivyooana mshono usionekane. Hakuwahi kufikiri mtu angeweza kuushona kwa mdomo, bila kusita, mtoto mdogo akimkodolea macho.

Mkutubi alivua miwani. "Lakini kwa nini asingesema tu kwamba kitabu kibovu?"

Bi Vifungo alifungua mdomo aseme ni kwa ajili yangu, ningelia, na hapo akamkumbuka mama. Mama alikuwepo. Alikaa mlangoni na miguu ndani ya beseni la maji ya moto, hajui kusoma, shingo ameinyoosha kuelekea kwenye kitabu, anasikiliza kwa namna ambayo mtoto wa miaka sita hakuielewa. Alikuwa anangojea kosa lake. Alipigiwa makofi mbele ya watu na hakujua hata amekosea wapi, na jioni ile angelisikia likisomwa na mwanawe mwenyewe. Mizani akavuka kutoka kisimani hadi kwenye theluji. Kisha mama akasema, "Kumbe kiko sawa," akacheka, akajifuta macho kwa mkono wenye wino.

"Alikuwa anawasomea wawili," alisema Bi Vifungo. Mkutubi, mtu mwenye adabu, akajishughulisha na muhuri wake.

Mizani alikuwa macho aliporudi. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa jioni ulijaa mezani. Bi Vifungo alivuta kiti, akaketi mbele yake, mikono mitupu.

"Kaka," alisema, "mpishi hayupo. Mto haupo. Nimeviweka vitabu vyote viwili pamoja, nimeona mwenyewe. Umenidanganya miaka arobaini na sita."

Mizani alimtazama. Polepole uso wake wote ukabadilika, akajifunika macho kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyefumwa, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alikuwa analia pia, lakini kicheko ndicho kilichotangulia.

"Mimi sina kitabu cha kukusomea," alisema dada. "Kilioza. Nitakueleza nilivyosikia."

Akaanza. Kamba ilikatika, hawakuanguka majini, walianguka kwenye kitu kilicholia ngoo, kumbe ni sufuria. Mpishi akachungulia akasema, mmechelewa, mchuzi umeshakwisha. Akawaeleza kwamba mlima unapovuta pumzi mto unapanda, ukitoa pumzi mto unashuka, na ukutani kuna pete za chuma. Kila pumzi inapokwisha lazima muishike pete, la sivyo mtarudi chini kuanza upya. Nahodha akashika kwa mikono. Haraka akashika kwa meno. Mizani aliegemea mbele, midomo ikicheza bila sauti, nusu neno nyuma ya dada yake, na Bi Vifungo aliiona lakini hakuthubutu kusimama. Alisimulia ugomvi wa mfuniko, akasimulia mkono wa Miwani, akahisi baridi ikishuka kutoka juu kama alivyoihisi sakafuni.

"Basi mlima ukavuta pumzi mara saba," alisema, "na ile ya saba..."

"Tisa."

Bi Vifungo alitazama mlangoni kwanza, kana kwamba kuna mtu ameingia.

"Umesemaje?"

Mizani alikuwa amekunja uso kwa ghadhabu ya mtu aliyeharibiwa kazi yake. "Tisa," alisema tena. Lilikuwa zito, limepinda upande mmoja, lakini lilikuwa neno, lina mwanzo na mwisho. Akainua mkono wa kushoto, vidole vitano, akaushusha, akainua vinne.

"Ni saba, kaka," alisema Bi Vifungo, machozi yakimwingia mdomoni. "Mimi nimewasimulia watu kwamba ni saba miaka yote."

"Tisa!"

"Basi tisa. Tisa, kaka yangu. Mwenye nayo ni wewe." Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa amesahau pumzi mbili nzima, mbili ambazo hakuna kitabu kilichokuwa nazo, wala maktaba, wala mtu mwingine yeyote aliye hai. "Na ya nane? Ya nane ilikuwaje?"

Mizani alifumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo ikijaribu na kuacha, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na dada yake akamngoja kama alivyomngoja akiwa na miaka sita, magoti yamegusana na yake, bila kupepesa.

"Punda," alisema Mizani. Akavuta pumzi. "Punda... akacheka."